Rula Mgongoni

Jumatatu, 9 Juni

Nimerudi kutoka kwenye kikundi cha sala ya kimya. Mgongo unauma. Heshima inauma zaidi.

Nieleze kwa mpangilio, maana hata shajara inastahili kufundishwa vizuri. Kikundi hiki ni cha mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akienda, miaka na miaka, mimi nikibaki nyumbani kusahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu umeanza kurudi kidogo kidogo. Mkono bado. Umejikunja ngumi, na haufunguki mpaka mtu aje aufungue. Akaniomba niende badala yake, nimletee kinachofundishwa. Nikakubali. Mtu aliyefundisha baiolojia maisha yake yote atashindwaje kukaa kwenye kiti?

Nimeshindwa kukaa kwenye kiti.

Somo lenyewe ni hili: sala isiyo na maneno, mwili ndio unaosali. Nyayo sakafuni. Mgongo wima bila kukakamaa. Viganja viwili wazi juu ya mapaja, vimeelekea juu, kama vya mtu anayesubiri kupewa kitu. Pumzi inaingia, inatoka, unaiacha. Mawazo yakikuchukua, unarudi kwenye pumzi bila kujigombeza. Sista anayetuongoza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alisema Neno alitwaa mwili, hakutwaa hotuba. Alinitazama alipofika kwenye hotuba. Ushahidi sina, lakini alinitazama.

Haikuchukua muda mgongo wangu ukaanza kunyauka kama mche uliosahauliwa. Nikajikuna. Nikakohoa. Nikakagua nyufa za dari zote. Pembeni yangu Dereva katulia tuli! Mzee huyu ameendesha malori tangu ujana. Makalio yake yana shahada ya kukaa. Sista akamsifu mbele ya wote. Dereva akajibu, huku kifua kikivimba, kwamba hakuna siri yoyote: unaweka gia huru, usukani unamwachia mwenyewe Mungu. Watu wakacheka. Mama Mshumaa, anayetunza mishumaa ya kanisa, akapiga makofi kabisa. Nikamfahamisha Dereva kwamba gari lililoachwa kwenye gia huru huishia mtaroni. Akaniambia, Mwalimu, wewe hata ukisali mguu uko kwenye breki.

Habari kubwa: Jumamosi ni siku ya mafungo. Wanakuja wageni wa parokia jirani. Sista anataka mtu mmoja akae mbele ya ukumbi ili wageni waige mkao wake. Atamchagua Jumatano.

Si Dereva! Mtu yeyote, lakini si Dereva!

Jioni mke wangu aliniuliza nimejifunza nini. Nikamweleza uti wa mgongo, pingili kwa pingili. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nisogeze kiti, nimfungulie ule mkono, tukae tu, viganja juu, kama walivyokuwa wakikaa kule. Nikamwambia kesho. Kwanza nina utafiti.


Jumanne, 10 Juni

Nimepata!

Shida yangu si ya kiroho, ni ya ujenzi. Nguzo dhaifu huegemezwa. Na nguzo ninayo: rula yangu ya ubaoni, ile ndefu ya mbao, niliyoondoka nayo siku ya kustaafu. Ncha ya chini inaingia ndani ya mkanda wa suruali. Ncha ya juu inafika chini ya kola. Katikati nimeifunga mgongoni kwa mtandio wa kijani wa mke wangu uliozunguka kifua, fundo kwa nyuma, shati juu, koti juu ya shati. Fundo kulifikia ni kazi. Nililifunga kwa kujibana kwenye kabati.

Nikakaa mbele ya kioo. Wima! Kama mhimili! Nilijiona kama picha ya mtakatifu, ila ya mtakatifu anayepumua kwa shida.

Mke wangu aliita kutoka chumbani, akiuliza kama utafiti umekwisha. Nilijibu bado kidogo. Aliuliza tena baada ya chai. Nikajibu vilevile. Hakuuliza mara nyingine.

Jambo la kujiwekea kumbukumbu: leo aliweka mkono wa kushoto juu ya paja, umefunguka, na ule wa kulia kando yake, umefumba. Alikaa hivyo dirishani muda mrefu. Nilipita hapo nikitafuta pini.


Jumatano, 11 Juni

Ushindi!

(Neno hili nimeliandika kwanza, halafu nikalikata, halafu nikaliandika tena. Lisomwe kwa tahadhari.)

Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Nilikaa. Sikupinda. Sikuweza kupinda hata kama ningetaka. Nikachungulia kwa jicho moja, nikamwona Sista ananitazama kwa mshangao. Dereva naye alichungulia. Raha niliyoipata pale sidhani kama ni ile iliyokusudiwa na sala.

Ndipo Sista akatangaza jambo jipya. Leo tutajifunza kuinama! Unasimama, unakunja kiuno taratibu, kichwa kinafuata, mikono inaning'inia, mwili mzima unamwambia Mungu kile ambacho mdomo umekwisha kukisema mpaka kimechuja. Wote wakainama. Nami nikainama. Yaani nilijaribu. Mbao haiinami. Mkanda wa suruali ukasukuma kutoka chini, rula ikateleza juu, ikatoka kwenye kola, ikapita kisogo, ikasimama juu ya kichwa changu ukumbini.

Kimya kikafa. Dereva akasema Mwalimu kapandisha antena, anatafuta stesheni ya mbinguni.

Wakacheka mpaka viti vikalia. Nami, badala ya kucheka nao, jambo ambalo lingemaliza habari yote palepale, nikasema kwa sauti ya unyonge kwamba hiki ni kifaa cha hospitali. Mgongo wangu ni mgonjwa. Sikutaka kuwasumbua.

Kicheko kikakatika. Mama Mshumaa akashika mdomo, akasema maskini, kumbe baba wa watu anateseka kimya kimya. Wakanizunguka. Wakaniwekea mikono mgongoni, juu ya rula, wakaniombea. Mmoja alinong'ona kwamba jamani, mgongo umekauka huu, umekuwa mti. Dereva aliniomba msamaha, macho yamelowa. Sijawahi kujisikia mdogo kiasi kile, na nilikuwa nimesimama wima kuliko wote.

Sista akanichagua. Alisema mwili unaouma nao husali, na wageni waone hilo. Kisha akaongeza kwamba nisije peke yangu. Nije na Mama, yaani mke wangu. Alisema Mama anaijua sala hii kuliko sisi sote, tukae mbele pamoja, bega kwa bega.

Mtu pekee duniani anayejua kwamba mgongo wangu ni mzima kama meza ni huyo. Mwezi uliopita alinitazama nikipanda juu ya paa kufukuza njiwa.

Nikamwambia Sista mke wangu bado hawezi kutoka nyumbani.

Akasema basi nimwambie nafasi yake ipo.

Sijamwambia.


Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi aliuliza tulifundishwa nini jana. Nikasema kuinama. Akatabasamu, akasema hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote, maana ukiinama huoni watu, na watu hawakuoni uso. Akauliza kama kuna aliyemkumbuka. Nikasema wote wanamsalimu.

Ni kweli, kwa namna fulani. Nilikuwa nikiwakata wanafunzi alama kwa majibu ya namna hiyo.

Tangu augue hajatoka ila kwenda hospitali. Naliandika hili ili nilione. Nimeliona. Nimegeuza ukurasa.

Mchana aliniomba tena kuhusu mkono. Safari hii nilivuta kiti, nikakaa. Lakini ili mtu aufungue mkono inafaa aelewe kwa nini umefumba, basi nikaanza na ubongo. Nilieleza jinsi amri inavyosafiri. Nilieleza kano zinazokunja na kano zinazokunjua. Nilichora. Nilikuwa nimefika kwenye kifundo nilipomwona amelala, kichwa kimeegemea ukuta, ngumi juu ya paja.

Shemeji alikuwa mlangoni na beseni. Huyu ni mdogo wa mke wangu, amekuja kutusaidia, na ulimi wake haujawahi kuugua. Akaniambia shemeji, huo mkono haufunguki kwa kusomewa. Akasema mtaalamu wa viungo alituonyesha wote wawili: maji ya vuguvugu, kifundo kwanza, kidole gumba, halafu vingine kimoja kimoja, bila nguvu, unasubiri mpaka mkono wenyewe ukubali. Ana wasiwasi kwamba wakati ule mimi nilikuwa nikimfundisha mtaalamu.

Kisha akauliza mtandio wa kijani uko wapi. Nikasema sijui. Ulikuwa kifuani kwangu, chini ya shati. Nilikuwa nafanya mazoezi.


Ijumaa, 13 Juni

Maafa yameepukwa. Nadhani.

Saa nne honi ililia getini. Honi mbili fupi na moja ndefu, ndivyo Dereva anavyobisha hodi tangu enzi za lori. Nikatoka mbio. Kisha nikakumbuka mgongo, nikatoka kwa kuburuta.

Alikuwa na gari la mkwewe. Alisema hajalala vizuri kwa sababu ya ile antena. Amesikia kwa Sista kwamba Mama hawezi kutoka. Yeye amebeba saruji, amebeba ng'ombe, amebeba hata kinanda cha kanisa kikafika bila kupoteza noti moja. Atashindwa kumbeba Mama na kiti chake cha magurudumu? Kesho atakuja mapema, na barabara atapita ile isiyo na mashimo.

Angekuja kwa majivuno yake ya kila siku ningemjibu vizuri tu. Alikuja na huruma. Sikuwa nimejiandaa kwa huruma.

Nikamwambia daktari amekataza. Nikamwambia Mama amelala. Nikamshukuru kwa ufupi, nikafunga geti. Aliondoka na honi zake.

Mke wangu hakuwa amelala. Alikuwa dirishani. Akauliza nani huyo. Nikasema ni mtu anaulizia njia. Akasema ameelewa. Akamwomba Shemeji amtolee gauni la bluu, alinyooshe. Nikadhani ni la Jumapili. Shemeji akasema anakwenda kwanza kutupa taka. Taka ile ilikwenda mbali sana, maana alirudi akiwa anahema.

Kesho ndiyo siku yangu. Nilitegemea kufurahi.


Jumamosi, 14 Juni

Naandika huku nimekaa kitandani, bila rula; nimeichomoa, lakini fundo la mtandio limekataa kufunguka.

Ukumbi ulijaa. Kiti changu kilikuwa mbele, na pembeni yake kiti kingine kitupu. Sista alikiweka na hakukiondoa. Nilikaa, rula imefungwa kwa nguvu zaidi kuliko Jumatano, fundo mara mbili ili lisiniaibishe. Wageni walikuwa wakininyooshea shingo. Nilisikia mmoja akinong'ona, mzee yule kafika mbali. Sista akasema tuanze na nyayo. Tukawa kwenye nyayo. Akasema pumzi. Tukawa kwenye pumzi.

Mlango ukafunguliwa. Magurudumu. Sikuweza kugeuka kuangalia, rula haikuniruhusu, lakini magurudumu yale nayajua. La kushoto nililitia mafuta mwenyewe na bado linalia.

Dereva alimsukuma katikati ya ukumbi kama anapitisha mzigo wa mayai. Shemeji nyuma. Mke wangu ndani ya gauni la bluu. Watu wa kikundi wakasimama. Mama Mshumaa alilia waziwazi. Sista akaondoa kile kiti kitupu, Mama akawekwa mahali pake, bega lake karibu na langu.

Mama Mshumaa akamnong'oneza, nami nikasikia, kwamba pole sana kwa mgongo wa mzee, jinsi anavyoumia. Nikafumba macho. Nikasubiri kuanikwa. Na mke wangu, mwanamke aliyeniona juu ya paa, akajibu asante, tunaendelea kumwombea.

Hivyo tu. Ningetamani angenianika.

Kisha Sista akasema, tufungue viganja.

Ukumbi mzima ukafungua. Mkono wa kushoto wa mke wangu ukafunguka. Wa kulia ukabaki ngumi juu ya gauni la bluu. Akanigeukia. Alikuwa akiomba kile alichoniomba Jumatatu, na Jumanne, na Alhamisi, na jana kutwa kwa kunyamaza. Ulikuwa umbali wa kuinama kidogo tu.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilisukuma kifua mbele. Mbao ikanirudisha. Nikajaribu upande. Ikanirudisha. Nikapeleka mikono nyuma kutafuta fundo, na fundo lilikuwa lile la mara mbili, la kubanwa na kabati. Nilipapasa mgongo wangu mwenyewe mbele ya parokia mbili kama mtu aliyeingiwa na siafu. Mke wangu alikuwa bado ananitazama. Halafu akaacha.

Dereva ndiye aliyepiga magoti. Magoti yake yalilia kuliko gurudumu. Akauliza kwa kunong'ona, kwa adabu ambayo sikujua anayo, kama Mama anaruhusu. Shemeji akamwelekeza. Kifundo. Kidole gumba. Kimoja, kingine. Alisubiri. Hakuweka gia yoyote. Na mkono wa mke wangu ukafunguka mkononi mwa mtu mwingine, mimi nikiwa nimekaa kando, wima, mfano wa kuigwa.

Wageni walinisifu kwa utulivu wangu.


Jumapili, 15 Juni

Leo nimefanya jambo sahihi. Niliandike kabla sijaliharibu.

Asubuhi nilimwomba Shemeji anifungulie fundo. Alishindwa, akaukata mtandio kwa mkasi. Alisema shemeji, ningeweza kusema mengi, lakini leo Jumapili. Nikapeleka rula na vipande vya mtandio kwa mke wangu, nikaviweka mbele yake, nikamweleza yote. Sikuchora. Nilimaliza kwa sentensi chache, naye alishangaa zaidi kwa hilo kuliko kwa habari yenyewe. Alisema mgongo aliujua tangu Jumanne, alisikia kabati likigonga. Kilichomuuma ni kile kiti kitupu alichowekewa, nami nikala naye chakula meza moja, siku baada ya siku, bila kumwambia.

Nikaleta maji ya vuguvugu.

Kifundo kwanza. Mkono ulikataa. Nilitaka kueleza kwa nini umekataa, nikanyamaza. Nikasubiri. Kidole gumba kikalegea kwanza, kama mtu anayefungua mlango huku mnyororo haujatolewa. Kisha vingine. Ndani ya kiganja kulikuwa na alama za kucha zake, zimejipanga kama miezi michanga. Ngozi ya pale ilikuwa laini, ya kitoto, ngozi isiyoona mwanga. Nikaiosha. Nikaikausha.

Nikiachia, ngumi inarudi. Basi nikaweka kiganja changu juu ya chake, kikauzuia mkono kufumba, kwa uzito wake tu. Tukakaa hivyo. Pumzi yake, pumzi yangu. Sikujua mgongo wangu uko wapi. Nilipokuja kuutambua ulikuwa umepinda kabisa, nimemwinamia, na hauumi.

Mapigo ya mshipa wake yalikuwa yakipiga kwenye kidole changu. Nimefundisha mapigo ya moyo kwa madarasa mengi. Sikuwahi kuyasikiliza.

Mwishoni alisema basi, umefika.

Ee Mungu, ni kitu kidogo hivi ndicho nilichokuwa nikimnyima?


Jumatatu, 16 Juni

Wazo! Na safari hii ni la mapenzi matupu!

Nimeamka mapema nikitafakari sala ya jana. Ilikuwa kamilifu, isipokuwa kasoro moja ya kiufundi: mkono unabaki wazi pale tu mtu anapoushikilia. Je, nikiwa sokoni? Je, nikiwa kwenye kikundi, nikiwaeleza wengine njia hii, maana ni lazima waelezwe? Mgonjwa hawezi kutegemea kiganja cha mtu.

Nikachukua rula, nikaikata kwa msumeno. Iliniuma, lakini kwa ajili yake. Nimelainisha kingo kwa msasa. Nimetoboa matundu. Vile vipande vya mtandio wa kijani nimevigeuza kamba, kimoja kwa kila kidole. Mkono unalazwa juu ya ubao, unafungwa, unabaki wazi mchana kutwa bila msaada wa mtu yeyote! Sista lazima akione kifaa hiki. Dereva atanyamaza. Nakiita Kiganja cha Mwalimu.

Mke wangu alikuwa amekwisha kukaa dirishani, kiti changu kimesogezwa karibu yake, beseni la maji liko tayari. Nikamwonyesha kifaa. Nilieleza kila kamba. Alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kisha akauliza, na mimi nitakuwa nimekaa wapi.

Nikamwambia pale mbele yake, ng'ambo ya chumba, mahali pa kuona vizuri kama kinafanya kazi.

Akautazama ubao. Akanitazama mimi. Akaufumba na mkono wa kushoto pia.

Itakuwa ni baridi tu iliyoufumba. Bahati nzuri rula imebaki nusu nyingine, inatosha mkono huo.